Muvi nilizocheki karibuni, kwa masikio ya mtu wa sauti

Mimi kazi yangu ni sauti za filamu. Kwenye seti ndo yule mtu mwenye hedfoni masikioni na mikisa kifuani, kile kiboksi cha kupokea na kurekebisha sauti za maiki, na bajeti ikiwa ndogo basi na bumu, ile fimbo ndefu yenye maiki, nashika mwenyewe, alafu seti ikivunjwa nageuka kuwa mtu wa kusafisha na kuchanganya sauti kwenye kompyuta. Nimefanya tamthilia, matangazo, filamu fupi na zile za taasisi za kuelimisha jamii. Nikikaa kuangalia muvi nafuatilia stori kama mtu mwingine yeyote, panapoliza nalia, ila masikio yangu hayapumziki. Miezi hii ya karibuni nimecheki muvi kadhaa, nyingine ndo mara ya kwanza na nyingine za zamani nimezirudia, na nataka niziongelee kwa upande huo wa sauti maana wengi wanaoandika kuhusu muvi huku kwetu wanaishia kwenye stori, waigizaji na uzuri wa picha.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mtazamaji anasamehe picha mbaya kuliko anavyosamehe sauti mbaya. Picha ikiwa na giza kidogo au ikitikisika mtu anaendelea tu, lakini kama haelewi mwigizaji kasema nini, au sauti inaruka kila kamera inapobadilika upande, anatoka kwenye stori bila kujua kilichomtoa, na ukimuuliza anakwambia muvi haina mvuto.

Naanza na iliyonishika zaidi, The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023. Inamhusu Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Auschwitz enzi za vita ya pili ya dunia, na mke wake Hedwig na watoto wao. Wanaishi kwenye nyumba nzuri yenye bustani, bwawa la kuogelea la watoto, maua kila kona, na ukuta wa bustani ndo ukuta wa kambi. Basi muvi nzima haikupeleki ndani ya kambi ukawaone wafungwa wanavyouawa, unachokiona ni familia inakula, mtoto analia, mama anapanda maua, baba anawasomea watoto hadithi kitandani. Kila kinachotokea upande wa pili unakisikia. Mlio wa risasi kwa mbali, mbwa, treni inaingia, mtu anafokewa, mtu anapiga kelele alafu ananyamaza, na chini ya vyote hivyo kuna mvumo mzito wa matanuru ya kuchomea maiti usiokatika usiku na mchana.

Aliyesanifu sauti ni Johnnie Burn, na yeye na Tarn Willers walipata Oscar ya sauti mwaka 2024. Kabla ya kutengeneza chochote Burn alikusanya kabrasha la kurasa mamia kuhusu nini hasa kilikuwa kinasikika pale, silaha za aina gani, magari gani, kambi iko umbali gani na bustani, ushuhuda wa walionusurika. Kwangu hapo ndo penye somo kubwa kuliko tuzo yenyewe. Mlio wa risasi aliouweka una umbali. Ukisikia risasi iliyopigwa mita mia mbili nyuma ya ukuta haina ule ukali wa juu, inabaki na mwangwi na sehemu yake ya chini, na akili yako inajua pale pale kwamba hii iko kule na mimi niko huku. Huku kwetu mtu anachukua mlio wa bunduki kwenye maktaba za bure za intaneti, mlio uliorekodiwa maiki ikiwa jirani kabisa na bunduki, anaubandika kwenye sini ambayo jambazi yuko ng'ambo ya mto, alafu anashangaa kwanini watu hawaogopi.

Na angalieni inavyoanza. Skrini inakuwa nyeusi kwa muda mrefu mpaka mtu anaweza kudhani tivii imeharibika, kuna muziki wa Mica Levi tu, unashuka unashuka, alafu taratibu ndege wanaanza kulia na ndo picha inakuja. Mimi nimeielewa kwamba Glazer anakupa muda wa kuyafungua masikio kabla hajakupa kitu cha kutazama, maana anajua ukianza na picha utabaki na picha. Baadae wanaonyesha maua ya bustani kwa karibu, ua moja baada ya jingine, huku kelele za watu zinaendelea, mpaka skrini yote inageuka nyekundu. Sijawahi kuona ua likatisha kiasi kile.

Kuna sini ya mama mzazi wa Hedwig, amekuja kutembea, anasifia bustani, anafurahi binti yake kafanikiwa. Usiku anaona mwanga mwekundu wa moto dirishani, anasikia, na asubuhi hayupo, kaondoka bila kuaga. Yeye ni mgeni, masikio yake hayajazoea, wenye nyumba washazoea. Hakuna mtu anayekuja kukueleza hilo kwa maneno. Ni sauti ileile waliyokuwa nayo siku zote, tofauti ni nani anaisikia kama kelele na nani haisikii tena, na mimi nikakaa pale nawaza ni vitu vingapi mtaani kwetu vilikuwa vinanishtua zamani na siku hizi napita tu.

Ombi langu kwa atakayeiangalia ni moja, usiangalie kwa spika ya simu. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa ule mvumo wa chini, kwahiyo nusu ya muvi unakuwa hujaiona. Chukua hedfoni hata za bei ya kawaida.

Baada ya hiyo nikarudia Sound of Metal, ya Darius Marder, Riz Ahmed anacheza kama Ruben, mpiga drams anayepoteza uwezo wa kusikia. Nilishaiona ilipotoka ila safari hii niliiangalia kikazi. Ilipata Oscar ya sauti mwaka 2021, na mwaka huo ndo zile tuzo mbili za zamani, ya kuhariri milio kwa upande mmoja na ya kuchanganya kwa upande wa pili, ziliunganishwa ikawa tuzo moja. Kinachofanyika ni kwamba sauti inahama, dakika moja uko nje ya Ruben unasikia dunia kama wengine wanavyosikia, alafu ghafla unaingizwa ndani ya kichwa chake, maneno yanakuwa kama yanatoka chini ya maji, unasikia pumzi na taya na damu. Nicolas Becker aliyesimamia sauti alitumia maiki za kugusa mwili ili apate ile mitetemo ya ndani. Anapowekewa kifaa cha kusikia kwa upasuaji, akitegemea maisha yatarudi kama zamani, anachosikia ni sauti kavu ya bati inayokwaruza, na mtazamaji anaumia naye kwasababu naye alikuwa anasubiri masikio yafunguke. Mwisho wake siusemi kwa ambao hawajaona, ila kuna kengele za kanisa pale, na anachoamua Ruben akizisikia ndo muvi yote. Waigizaji wote wazuri, ila kwa maoni yangu katikati inavuta kidogo.

Sasa nije nyumbani. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wengi wanaijua. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin binti wa Kihindi anayekimbia ndoa aliyolazimishwa, Denge kijana wa siasa anayetafutwa na Waingereza, na Mwajuma anayempokea Yasmin. Filamu hii ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na kwangu ni moja ya kazi za kujivunia kabisa tulizowahi kuwa nazo, picha zake zimepigwa na mtu anayejua kivuli ni nini.

Lakini watu wanaposifia picha mimi nawaza ile kazi ya sauti, maana muvi ya zamani kupigwa Mji Mkongwe wa leo ni mtihani mzito sana kwa mtu wa sauti. Kwenye picha ukiwa na waya wa umeme ukutani unageuza kamera, au unaweka kanga juu, kwisha. Sauti haina upande wa kugeukia. Bodaboda iko mtaa wa pili, boti za mwendokasi zinaingia bandarini, ndege inashuka maana uwanja hauko mbali na mji, friji la duka linanguruma, kuna mtu kafungulia redio ghorofani, na vyote hivyo vinaingia kwenye maiki pamoja na maneno ya Yasmin. Hata adhana, ambayo wengi tunaiona ni sauti ya kudumu ya Unguja, mtu wa sauti lazima ajiulize, hii ya leo inayotoka kwenye vipaza sauti vya misikiti kadhaa kwa pamoja ndo ilivyokuwa inasikika mwaka 1955? Kwahiyo unaposikia mji wa zamani umetulia na bahari inasikika na nyayo zinasikika kwenye vichochoro, jueni kuna mtu kakaa anaondoa karne hii kipande kwa kipande na kuijenga ile upya.

Alafu ni stori ya watu wanaoficha siri, wapenzi wasiotakiwa kuonekana pamoja, wanasiasa wanaokutana usiku. Wanaongea chini chini. Mtu akinong'ona huwezi kumrekodi kwa mbali alafu ukapandisha volyumu, maana ukipandisha mnong'ono unapandisha na kila kitu kilichokuwepo chumbani. Unatakiwa uwe karibu, na ukisema umfiche maiki mwilini unakutana na kanzu, baibui, kanga mpya yenye wanga, vyote vinasuguana na maiki kila akipumua. Nawaheshimu sana waliobeba kazi ile.

Na Mwajuma amechezwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji wa taarab kweli, na hapo naomba madairekta wetu wazingatie. Mwimbaji wa kweli akiimba mbele ya kamera unaona koo, unaona anavyovuta pumzi kabla ya ubeti, mwili na sauti vinaenda pamoja. Ukimweka mtu afungue mdomo tu kufuata wimbo uliorekodiwa studio, mtazamaji anajua, hata kama hajui anajuaje. Kwenye filamu hii taarab naisikia kama mahali pekee ambapo watu wale wanaruhusiwa kusema wanachohisi kwa sauti ya juu, baada ya mazungumzo yote ya chini chini, na ule utofauti ndo unanipa raha.

Hapa nitoke kidogo kwenye muvi niongee na maprodyuza na wanaoanza, maana najua mnasoma. Sauti mbaya ya muvi zetu nyingi haitokani na vifaa. Saivi maiki nzuri inapatikana Kariakoo kwa bei ambayo zamani ilikuwa ndoto. Inatokana na mtu wa sauti kuitwa mwisho, lokesheni ishachaguliwa kwasababu sebule ni nzuri, kumbe nyuma ya ukuta kuna fundi wa kuchomelea na mbele kuna mashine ya kusaga. Nendeni kutafuta lokesheni pamoja na mtu wenu wa sauti, na mwende saa ileile mtakayopiga, maana mtaa wa saa nne asubuhi siku ya shule na mtaa wa saa kumi jioni ni mitaa miwili. Kitu cha pili ni umbali. Ukisogeza maiki mara mbili ya umbali wa mwanzo, sauti ya mwigizaji inashuka kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kelele ya chumba haishuki inabaki palepale, kwahiyo kila hatua unayorudi nyuma unampa feni nafasi ya kuongea zaidi ya mwigizaji. Maiki ya juu ya kamera ndo iko mbali kuliko zote, hiyo iwe ya kumsaidia mkata picha kulinganisha tu. Na friji zimeni, alafu weka funguo za gari yako ndani ya friji hilo, ili mkimaliza usiondoke ukaacha nyama za mwenye nyumba zinaoza. Hiyo ni mbinu ya watu wa sauti dunia nzima na inafanya kazi.

Na kabla hamjahama chumba, tafadhali, nawaomba kwa moyo wote, watu wote wasimame kimya angalau sekunde 30 tuurekodi ukimya wa chumba kile. Kila chumba kina ukimya wake. Ule ndo nitautumia kuziba mapengo kati ya sentensi moja na nyingine, bila huo kila nikikata neno linabaki shimo, na shimo la sauti linasikika kuliko kelele. Madairekta wengi wanaona hizi sekunde ni za kupoteza muda wakati jua linazama, na mimi naelewa presha ya jua, ila sini ya dakika nne ikiruka ruka sauti hakuna jua litakaloiokoa.

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, nimeirudia na bado ina nguvu. Mwas, Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza DVD na kuigiza vipande vya sinema mbele ya wateja, anaenda Nairobi kutafuta uigizaji na mji unamvua kila kitu siku ileile. Kilichonifurahisha safari hii ni kwamba hawakuufuta mji nyuma ya waigizaji. Kijijini kuna nafasi kati ya sauti na sauti, mtu akiita anasikika. Akishuka Nairobi nafasi ile inakwisha, matatu, makanga, honi, watu wanaongea Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza, na Mwas inabidi apandishe sauti yake kwa kila mtu. Yaani unamsikia anavyobadilika kabla hujaona kabadilika. Na ile sini ya mahabusu anapolazimishwa kusafisha choo, watu wanakumbuka picha yake, mimi nakumbuka jinsi anavyoamua kuigeuza kazi ile chafu kuwa igizo, na wenzake wanavyomsikiliza. Kwa upande wa maneno, wameacha watu waongee wanavyoongea, hakuna mtu anayetamka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Muvi zetu nyingi za Bongo zinapoteza watu hapo, maiki nzuri, chumba kizuri, alafu mume na mke wanagombana kama wanasoma barua ya serikali.

Oppenheimer, muvi ya Christopher Nolan kuhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, nimeiangalia kwa ajili ya ule mlipuko wa majaribio tu, maana nilishaambiwa. Bomu linalipuka na hakuna sauti, unasikia pumzi, unaona mwanga, alafu baadae sana ndo kishindo kinafika. Kifizikia ni sahihi, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde kwahiyo aliyekaa kilomita 9 anasubiri karibu sekunde 26, na Nolan kautumia muda ule kumwacha Oppenheimer peke yake na alichokifanya. Nimependa mno. Lakini huyohuyo Nolan kwenye Tenet alinichosha, maneno muhimu yamezamishwa kwenye muziki na milio, na inajulikana hapendi kuwarudisha waigizaji studio kurekodi upya maneno yao. Mimi naheshimu sauti ya seti kuliko mtu yeyote, ndo inanilisha, ila stori ikishategemea sentensi moja basi sentensi hiyo isikike. Sisi tunaosoma maandishi chini ya skrini tuliponea hapo, aliyenunua tiketi akitegemea masikio yake alidhulumiwa.

Namalizia na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ana miaka 9, anaumwa ugonjwa ambao hautapona, na anapenda sinema za mapigano kupita kiasi, anatamani awe shujaa mwenye nguvu za ajabu, basi dada yake na kijiji kizima wanaamua kumpa hiyo ndoto. Nimelia tena, na sioni aibu. Kuna Mike, mwenye banda la sinema la kijijini, na zile sini za bandani zimenirudisha kwenye kitu ambacho naona tumekidharau, vibanda umiza na madj wa kutafsiri muvi. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Watu hawa walikuwa wanakaa na maiki na mikisa ndogo, wanashusha sauti ya muvi wakiongea na kuipandisha wakinyamaza, wanajua wapi ngumi iachwe isikike yenyewe na wapi waiongezee maneno. Hiyo ni kuchanganya sauti, mubashara, mbele ya watu waliojaa kwenye mabenchi na ambao wakichoka wanakwambia hapohapo. Mtu mzima asiyejua Kichina wala Kihindi alikuwa anatoka pale na stori kamili kichwani. Wainaina na wenzake wamelielewa hilo banda, ndomana watoto wa kwenye filamu ile wanaangalia sinema kwa mdomo na mwili mzima.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo la biashara ambalo nataka kila prodyuza alijue. Tamthilia za Kituruki mnazoangalia kwa Kiswahili zinawezekana kutiwa maneno yetu kwasababu waliozitengeneza wanakabidhi treki mbili tofauti, moja ya maneno, nyingine ya muziki na milio yote bila neno hata moja, nyayo, milango, vikombe, mvua. Anayetafsiri anatoa maneno ya Kituruki anaweka ya Kiswahili na dunia yote ya nyuma inabaki. Filamu zetu nyingi zinakabidhiwa zikiwa treki moja, maneno na muziki na milio vimepikwa pamoja, kwahiyo kesho akija mnunuzi wa Kifaransa au Kireno anataka kuitafsiri, haiwezekani bila kuanza kujenga milio upya kutoka sifuri, na hiyo gharama hakuna anayetaka kuibeba. Kwahiyo siku ya kukubaliana bei na mtu wako wa sauti, mwambie unataka na treki ya muziki na milio peke yake, iandikwe kwenye mkataba, na umlipe kwa hiyo kazi maana nyayo zile inabidi mtu akae azitembee moja moja mbele ya maiki, na faili zake zitunzwe kwenye diski mbili tofauti zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Wiki ijayo nataka kurudia T-Junction ya Amil Shivji, ya 2017, kwa hedfoni. Mwenye maoni yake kuhusu sauti yake aniandikie hapo chini kabla sijaanza.